Maktaba Isiyoonekana: Asili ya Kosa Moja la Unix

Kama umewahi kufanya kazi na kompyuta za Unix, au hizi za Linux ambazo ni jamaa zake, bila shaka umewahi kukutana na ujumbe huu. Unaandika jina la programu, unabonyeza, na badala ya programu kufunguka unapewa mstari mmoja: kuna hitilafu katika kupakia maktaba za pamoja, faili fulani haliwezi kufunguliwa, hakuna faili wala saraka yenye jina hilo. Programu ipo. Diski ni nzima. Jana programu hiyo hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta ya jirani, lakini hapa imekataa hata kuanza.

Wengi wetu tulifundishwa jinsi ya kuliondoa kosa hili, ila hatukufundishwa limetoka wapi. Nasi tunaona kwamba anayejua lilikotoka hana haja ya kukariri dawa zake. Hili ni kosa lenye mwaka wa kuzaliwa. Iko miaka karibu ishirini ambayo Unix ilikuwepo duniani na kosa hili halikuwepo, tena halikuwezekana kutokea. Likaja kwa sababu watu fulani waliamua jambo fulani, na waliamua kwa akili timamu.

Tuanze na neno lenyewe, maktaba. Kwa nini wataalamu wa kompyuta waliite rundo la vipande vya programu "maktaba"? Jibu liko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Maurice Wilkes, akiwa na vijana kama David Wheeler na Stanley Gill. Programu ziliingizwa mashineni kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Haikuchukua muda kabla ya kugundua kwamba kila mtu anaandika mambo yale yale: kutafuta kipeuo cha pili, kutafuta saini ya pembe, kuchapa namba kwa mpangilio unaosomeka. Na kila anayeandika upya anakosea upya.

Basi wakaamua vipande hivyo viandikwe mara moja, viandikwe vizuri, vijaribiwe, kisha vitobolewe kwenye tepe na kuhifadhiwa katika kabati la chuma lenye droo. Hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba. Ilikuwa maktaba kweli, ya kufungua droo na kutoa kitu kwa mkono. Kufikia mwaka 1951 ilikuwa na vipande 87, na mwaka huo Wilkes, Wheeler na Gill walitoa kitabu kuhusu utayarishaji wa programu. Iko picha maarufu ya enzi hiyo inayoonyesha kabati lile, na kando yake mama mmoja akitayarisha utepe wa programu: anachukua utepe kutoka maktabani, anautia katika kisomaji, na mashine inaunakili matundu kwa matundu kwenye utepe wake. Wasomaji wetu walioko Uingereza wanaweza kwenda Bletchley Park, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Kompyuta, ambako EDSAC imekuwa ikijengwa upya. Ni safari inayofaa kuwapeleka watoto.

Lishike vizuri hilo la kunakili, maana ndipo hadithi ilipo. Ukishakinakili kipande cha maktaba kwenye utepe wako, wewe na kabati mmeachana. Kabati likiungua usiku, programu yako asubuhi itafanya kazi kama kawaida.

Unix ilipozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, ilifuata desturi hiyo. Na hapa tuseme jambo ambalo husahauliwa: Ken Thompson na Dennis Ritchie hawakuwa hawajui njia nyingine. Walitoka katika mradi mkubwa ulioitwa Multics, ambao Bell waliufanya pamoja na MIT na kampuni ya General Electric, kisha wakajitoa mwaka huo huo wa 1969. Multics ilikuwa na uwezo wa kuunganisha programu na maktaba zake wakati programu inaendeshwa. Thompson na Ritchie walichukua mengi kutoka Multics, lakini hilo waliliacha. Mashine yao ya kwanza, PDP-7, ilikuwa na nafasi elfu nane tu za kumbukumbu, na kila kitu kilichoweza kuachwa kiliachwa.

Kwa hiyo programu ya Unix ya miaka ya 1970 ilikuwa kama msafiri wa zamani wa bara anayebeba kila kitu mwenyewe: unga, maji, mkeka, sufuria. Maktaba ilikaa katika faili moja, mfano libc.a, na wakati wa kutengeneza programu kiunganishi kilichukua kutoka humo vipande vilivyohitajika na kuvitia ndani. Baada ya hapo ungeweza kuihamisha programu kwenye mashine nyingine ya aina ile ile, ukafuta maktaba zote za mashine hiyo, na isingejua.

Kilichovunja utaratibu huo ni picha. Miaka ya 1980 zilikuja kompyuta za mezani zenye skrini kubwa na madirisha. MIT walianza mfumo wa X mwaka 1984, na toleo lake la kumi na moja, ambalo jina lake linatumika hadi leo, lilitoka mwaka 1987. Programu ya kuonyesha saa tu, yenye akrabu mbili, sasa ilihitaji kujua kuchora dirisha, kuandika herufi, kusikiliza kipanya, kujibu anayebonyeza. Kazi ya saa ilikuwa mistari michache. Kazi ya dirisha ilikuwa maelfu. Kompyuta ya Sun-3/50, ambayo vyuo vingi vilikuwa nayo, ilikuwa na megabaiti 4 za kumbukumbu. Tuseme kila programu imebeba nusu megabaiti ya maktaba zile zile za madirisha. Ukifungua programu nane umeshaijaza kompyuta yote kwa nakala nane za kitu kimoja, na hujaanza kazi.

Hapo ndipo watu walipokumbuka wazo la kushirikiana. Sisi watu wa pwani tunalijua vizuri. Zamani mitaani kwetu hakuna nyumba iliyonunua sufuria la kupikia pilau la watu mia tatu. Masufuria makubwa yalikuwa ya mtaa, yakikaa msikitini au kwa mzee fulani, na mwenye harusi anakwenda kuazima. Nyumba zikabaki na nafasi, na fedha zikabaki mfukoni. Lakini siku ya harusi ukienda ukaambiwa sufuria halipo, shughuli imesimama, hata kama mchele na nyama unavyo.

AT&T, wenye Unix yao, walijaribu kwanza katika toleo la System V la tatu, kwenye mwaka 1986. Njia yao ilikuwa ngumu: kila maktaba ya pamoja ilipangiwa mapema anwani yake katika kumbukumbu, na programu zikaenda moja kwa moja kwenye anwani hiyo. Maktaba mbili zisigongane, na maktaba isikue ikaingia kwenye kiwanja cha jirani. Mtu lazima akae na daftari la viwanja. Sun walikuja na njia bora. Mwaka 1987 wahandisi wao, akiwemo Robert Gingell, waliieleza katika mkutano wa chama cha USENIX, na mwaka 1988 ikatoka rasmi katika SunOS 4.0. Maktaba ziliandikwa kwa namna ambayo zinaweza kukaa popote katika kumbukumbu. Programu yenyewe iliachwa na mapengo, pamoja na orodha ya majina ya maktaba inazozihitaji. Mtumiaji akiiita, msaidizi mmoja aitwaye ld.so huamka kwanza, anaisoma orodha, anazitafuta maktaba, anaziweka mahali pake, anayaziba mapengo, kisha ndipo anaiachia programu ianze. Na kama programu nane zinaitaka maktaba moja, zote nane zinasoma nakala moja iliyoko katika kumbukumbu.

Sisi tuliosoma ughaibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulizikuta kompyuta hizo za Sun zikiwa tayari na utaratibu huo, tukadhani dunia imekuwa hivyo tangu Adamu. Kumbe ulikuwa na miaka mitatu minne tu. Na hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, maana msaidizi anayetafuta anaweza kukosa. Ujumbe ule hauandikwi na programu uliyoiita, kwani programu bado haijaanza. Anayeuandika ni yule msaidizi, akirudi kutoka kwenye kabati mikono mitupu.

Ukilijua hilo, swali linakuwa moja tu: msaidizi alitafuta nini, na alitafuta wapi?

La kwanza hulijibu ujumbe wenyewe, kwa kutaja jina. Ukitaka orodha nzima, iko amri ya ldd, ambayo ni ya tangu enzi hizo hizo za Sun. Inakupa kila maktaba inayotakiwa na mahali ilipopatikana, na mbele ya iliyokosekana inaandika kwamba haikupatikana. Tahadhari moja: katika mazingira fulani ldd huiendesha programu yenyewe ili kupata jibu, kwa hiyo programu usiyoiamini usiipime kwa ldd. Tumia readelf -d, ambayo inasoma faili tu bila kuliamsha.

La pili, la wapi, lina mpangilio. Katika Linux msaidizi hutazama njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe, pia saraka zilizotajwa na mtumiaji katika kigezo kiitwacho LD_LIBRARY_PATH, kisha faharasa iliyoko /etc/ld.so.cache, na mwisho saraka za kawaida /lib na /usr/lib. Hatembei diski nzima. Ndiyo maana watu huchanganyikiwa: maktaba wanaiona kwa macho, iko /usr/local/lib waliyoiweka wenyewe jana, na kompyuta inaapa kwamba haipo. Ipo, ila haijaandikwa katika faharasa. Amri ya ldconfig inaiandika faharasa upya, na mara nyingi ugonjwa wote unaishia hapo. Mifumo mingine ya Unix ilikiita kigezo kile kwa majina yake: SHLIB_PATH kwa HP-UX, LIBPATH kwa AIX, DYLD_LIBRARY_PATH kwa kompyuta za Mac.

Kigezo hicho cha mtumiaji kilileta balaa lake. Ukiweza kumwambia msaidizi akatafute wapi, unaweza pia kumpeleka kwa maktaba bandia. Mapema kabisa iliwekwa kanuni kwamba programu zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mtu mwingine zisikisikilize. Lakini mwezi Novemba 1995 shirika la CERT lilitangaza kwamba huduma ya telnet katika mifumo kadhaa ilikuwa ikipokea vigezo hivyo kutoka kwa mtu aliye mbali na kumkabidhi mlinzi wa mlangoni, yaani programu ya kuingilia. Mvamizi aliyeweza kuweka maktaba yake katika mashine hiyo aliweza kumfanya mlinzi atumie maktaba ya mwizi. Mlango ukafunguka bila nywila.

Turudi kwenye majina, maana humo ndimo mzozo mkubwa ulimo. Maktaba ya pamoja huwa na namba mwishoni, kama libc.so.6. Namba hiyo ni ahadi. Mtengenezaji anasema: nitaongeza, nitarekebisha, lakini nisipobadilisha namba hii fahamu kwamba ulichokitegemea bado kipo. Siku akilazimika kuvunja, anabadilisha namba, na maktaba mbili za zamani na mpya zinaweza kukaa saraka moja bila kugombana. Kwa hiyo programu inayotaka libssl.so.1.1 haitakubali libssl.so.3, na ina haki. OpenSSL 3.0 ilitoka Septemba 2021, na Ubuntu 22.04 iliyotoka Aprili 2022 ikahamia huko, basi programu nyingi zilizotengenezwa kabla zikasimama ghafla. (Hilo jina Ubuntu, lililoanza kutumika kwa mfumo huo mwaka 2004, ni la Kinguni, na ni ndugu wa damu na neno letu utu.)

Linux yenyewe ilipitia maumivu hayo utotoni. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 huko Helsinki, na maktaba zake za kwanza za pamoja zilifuata ile njia ngumu ya viwanja vya anwani, na daftari la viwanja likawepo kweli. Mwaka 1995 ikahamia ELF, muundo uliotoka AT&T na System V ya nne. Kisha mwaka 1997 ikaja glibc 2, ambayo jina lake la faili ni libc.so.6, kuchukua nafasi ya libc.so.5. Red Hat 5.0 ikahamia mwishoni mwa mwaka huo, Debian mwezi Julai 1998. Waliokuwa wakitumia Linux wakati huo wanakumbuka: programu uliyoipata kwa rafiki ilikuwa bahati nasibu, ama ni ya tano ama ni ya sita.

Lakini mpe mtu haki yake. Namba ile 6 haijabadilika tangu 1997. Watunzaji wa glibc waliamua kwamba badala ya kuvunja jina lote, kila kitendo ndani ya maktaba kiwe na toleo lake, na cha zamani kibaki pembeni mwa kipya. Programu ya mwaka 1999 ikiomba kitendo cha wakati wake inapewa kile kile. Ahadi hiyo lakini ni ya upande mmoja. Programu iliyotengenezwa kwenye mfumo mpya na kupelekwa mfumo wa zamani itaambiwa kwamba toleo, tuseme GLIBC_2.34, halikupatikana. Glibc 2.34 ilitoka Agosti 2021, na toleo hilo limewasumbua wengi kwa sababu hata kitendo cha kuianzisha programu kilipewa alama mpya. Hapa hakuna la kutafuta kwenye diski. Ama uuhuishe mfumo, ama programu itengenezwe tena kwenye mfumo wa zamani.

Baadhi ya wenzetu husema basi turudi kwenye kubeba kila kitu wenyewe. Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hoja ina uzito, hasa siku hizi ambapo megabaiti 4 haziishi hata picha moja ya simu. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, kwa kawaida hutengeneza programu yenye kila kitu ndani. Docker, iliyotoka mwaka 2013, inaifunga programu pamoja na maktaba zake zote katika kontena moja, kama ile ya bandarini. Ni EDSAC imerudi, tena na kabati lake limepakiwa ndani.

Ila tusisahau mwezi Machi 2002. Iligundulika kasoro ya hatari katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data inayotumiwa na karibu kila mtu. Programu zilizoiazima zilipona siku moja: badilisha faili moja, basi. Zilizoinakili ndani zilibidi zitafutwe moja moja, na hata kiini cha Linux kilikuwa na nakala yake. Hali ilikuwa hivyo tena Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed. Aliyeazima alitengenezewa. Aliyebeba chake ilimpasa kwanza akumbuke kwamba anacho. Sisi kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaodhani suala hili limekwisha. Deni limehamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Tena liko kundi ambalo halina uchaguzi wowote katika mjadala huo: wale waliobaki na programu iliyokwisha kutengenezwa, bila maandishi yake ya asili. Kwao maktaba ikipotea hawana cha kutengeneza upya.

Mwaka 2023 tulipigiwa simu na kijana wa nyumbani, mhandisi wa maji katika mji mmoja wa Afrika Mashariki. "Shikamooni wakubwa," akaanza, na baada ya marahaba akaeleza. Ofisini kwao walikuwa na programu ya kupiga hesabu ya msukumo wa maji katika mabomba ya mji, ambayo kwayo walipanga vali ipi ifunguliwe saa ngapi ili mitaa ya mlimani nayo ipate. Iliandikwa kwa lugha ya Fortran mwaka 2001 na mzee mmoja aliyestaafu na kisha kufariki. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa. Diski ilisomeka, programu ikahamishiwa kwenye Linux mpya, ikakataa. Wiki tatu vali zilikuwa zikifunguliwa kwa kumbukumbu za fundi mmoja mkongwe, na mitaa miwili ya juu ilikuwa ikinunua maji kwa madumu.

Kosa la kwanza alilolipata lilikuwa la kikatili zaidi ya lile tulilolieleza. Aliandika jina la programu, akajibiwa kwamba hakuna faili lenye jina hilo, na faili analiona mbele yake. Akadhani diski imeharibika. Tukamwambia alipime kwa amri ya file. Likajibu: ELF ya biti 32, msaidizi wake ni /lib/ld-linux.so.2. Kompyuta mpya ilikuwa ya biti 64 tupu, na msaidizi huyo hakuwemo. Faili lililokosekana lilikuwa la msaidizi mwenyewe, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye kutoa ujumbe unaoeleweka, alipokosekana yeye hakukuwa na wa kueleza. Akaongeza maktaba za biti 32 kutoka katika mfumo wake, na hilo likaisha.

Ndipo likaja la pili, letu tunalolijua: libg2c.so.0 haipo. Jina hilo linasema umri wa programu kama meno ya ng'ombe. Ni maktaba ya g77, kompaila ya Fortran ya mradi wa GNU. Aprili 2005 ilipotoka GCC 4.0, g77 iliondolewa ikaja gfortran, yenye maktaba nyingine kabisa iitwayo libgfortran. Mtu mmoja alikuwa ameshamshauri kijana aipe libgfortran jina la libg2c kwa kiungo, ili msaidizi aridhike. Ushauri huu utausikia kila mahali, na sisi tunaupinga kwa nguvu zote. Msaidizi anaangalia jina, lakini programu inahitaji vitendo vilivyomo ndani, na vitendo hivyo kila kompaila iliviita kwa majina yake. Katika hali hiyo ya Fortran programu ingekufa papo hapo, na hiyo ndiyo afadhali. Kwa maktaba zinazofanana zaidi, ambazo majina ya vitendo ni yale yale na maana imebadilika, programu inaweza kuendelea na kukupa namba. Namba zisizo sahihi kuhusu msukumo wa maji hupasua bomba.

Dawa ilikuwa maktaba halisi. Debian wana desturi njema ya kutunza matoleo yao ya zamani wazi kwa yeyote. Kijana akakichukua kifurushi cha libg2c cha biti 32, akakifungua bila kukisimika katika mfumo, akalitoa faili moja tu, akaliweka katika saraka ya peke yake kando ya programu. Kisha akaandika hati ya mistari miwili inayoweka LD_LIBRARY_PATH kwa programu hiyo pekee na kuiita. Kukiweka kigezo hicho kwa kompyuta nzima ni kutafuta maradhi mengine, kwani kila programu itakuwa ikipitia kwanza kabati la marehemu.

Programu ikaamka. Hatukumruhusu afurahi. Tulimwomba atafute majalada ya zamani, na katika kabati la ofisi ikapatikana ripoti iliyochapwa mwaka 2009 pamoja na data zilizotumika. Akaziingiza upya kwa mkono, jioni mbili, akalinganisha safu kwa safu. Zikalingana hadi tarakimu ya mwisho iliyochapwa. Siku iliyofuata vali zikarudi kwenye ratiba.

Hata hivyo programu ile inaandika tarehe juu ya kila ripoti, na saa ya programu za biti 32 za aina hiyo inaishia tarehe 19 Januari 2038. Kabla ya hapo huenda mifumo mipya ikaacha kabisa kubeba maktaba za biti 32. Kwa hiyo kijana ameanza kuiandika upya, akitumia ya zamani kama mwalimu wa kusahihishia: bomba moja linahesabiwa na zote mbili, majibu yanawekwa sambamba, yakitofautiana anatafuta sababu kabla ya kwenda mbele. Mtandao wa mji una mabomba makuu 212. Alipotuandikia mara ya mwisho alikuwa bomba la 40, na alikuwa amegundua kwamba marehemu aliingiza kiwango cha kutu katika mabomba ya chuma, jambo ambalo halimo katika karatasi yoyote ya ofisi.